MCHEZO NI DAWA, TENA NI KAZI YA MSHAHARA

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja hapa Garsen alikatwa mguu na mashine ya mpunga. Chama kilisimama naye mpaka akalipwa fidia, kama itakavyo sheria ya mwaka 2007 ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Siku ile tulipiga makofi, kisha kila mtu akaenda zake. Leo ukipita kwake utamkuta ameketi mlangoni tangu asubuhi hadi jua likichwa. Kidonda kimepona, mtu hajapona. Zamani alikuwa hodari wa kasia na bingwa wa bao. Sasa hata bao hataki.

Nauliza: ni kazi ya nani kumwinua? Daktari amemaliza yake, na muuguzi vilevile. Anatakiwa mtu wa tatu, ajuaye kutumia mchezo, ngoma, bustani na kazi za mikono kuwa dawa.

Wako watakaocheka, waseme mchezo ni wa watoto. Hao na wasikie habari za Dr. Ludwig Guttmann wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliletewa askari waliovunjika uti wa mgongo vitani, watu ambao zamani walilazwa kungoja kufa. Yeye aliwapa mpira na upinde. Tarehe 29 Julai 1948, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha wakiwa katika viti vya magurudumu. Mbegu ile ndiyo iliyozaa Olimpiki ya walemavu, iliyoanza Roma mwaka 1960. Na huko Sydney mwaka 2000, Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza macho mwaka 1995, alishinda dhahabu ya mbio za mita 5,000.

Nasi watu wa Mto Tana si wageni wa dawa hii. Wimbo wa Taifa letu ulichukua sauti yake katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mama zetu walijua zamani kwamba wimbo hutuliza.

Enyi vijana mliomaliza sekondari, mlango uko wazi. Chuo cha KMTC hufundisha kwa miaka 3 tiba ya shughuli, yaani kumrudisha mtu katika kuvaa, kula, kulima na kucheza. Msidanganywe kwamba hii ni kazi ya sadaka. Ni ufundi wenye mtihani wake.

Lakini kijana hasomi miaka mitatu ili aje kukaa bure. Hospitali zetu ziko chini ya Kaunti tangu 2013. Basi tudai haya:

1. Nafasi za mshahara kwa wataalamu hawa, Hola, Ngao na Garsen.
2. Msaada wa karo kwa vijana wetu, na wenye ulemavu watangulie.
3. Kila mkataba na mwajiri uwe na kifungu cha kumrudisha aliyeumia katika maisha yake, si kumpa fedha tu.

Tutaambiwa kwamba dawa zenyewe hazitoshi, na mafuriko yanakata barabara. Ni kweli. Lakini ubao wa bao na mpira havingoji lori. Kinachongojwa ni mtu mwenye elimu ya kuvitumia.

Jambo hili liletwe katika mkutano wa tawi. Na siku hiyo tumpitie mwenzetu pale mlangoni, tuje naye.

Umoja ni Nguvu.

Mwanachama, Garsen