Wachezaji wetu wamsome Ngannou kabla ya kusaini

UKIMTAJA Francis Ngannou kwa shabiki wa ngumi, atakukumbusha usiku wa Oktoba 28, 2023 pale Riyadh. Jamaa huyo wa Cameroon, katika pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa, alimdondosha Tyson Fury raundi ya tatu. Fury, bingwa wa dunia wa WBC, akaponea kwenye pointi, tena kwa majaji wawili dhidi ya mmoja.

Machi 2024 Anthony Joshua akamzimisha raundi ya pili. Wapo waliocheka, wakasema tamaa ya mkwanja imemponza. Sisi tunaliona jambo hili tofauti.

Ngannou alikulia Batié, ambako alifanya kazi ya machimbo ya mchanga tangu utotoni. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akavuka jangwa hadi Morocco, na 2013 akaingia Hispania kwa njia ya bahari na kuwekwa kizuizini. Paris alifika hana pa kulala. Ndoto yake ilikuwa ngumi, lakini klabu iliyompokea ikamwingiza MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Desemba 2015 alikuwa tayari UFC.

Machi 2021 alimzimisha Stipe Miocic, aliyekuwa amemshinda 2018, akabeba mkanda wa uzito wa juu. Januari 2022 aliutetea mbele ya Ciryl Gane akiwa na goti bovu. Alipoona kusimama hakulipi, akageukia mieleka, akamlaza Mfaransa huyo mara kadhaa na kushinda kwa pointi.

Kila mtu alitegemea asaini mkataba mpya wa UFC. Hakusaini. Alitaka bima ya afya kwa wapiganaji, mtu wa kuwasemea kwenye vikao, uhuru wa kutafuta wadhamini wake na ruhusa ya kupigana ngumi. Hawakuelewana. Akavumilia mpaka mkataba ukaisha, na Januari 2023 akaondoka akiwa bado bingwa, hana pambano lolote mkononi. Mei mwaka huo akasaini PFL, kwa mkataba uliomwachia mlango wa ngumi. Ndiyo maana baada ya kipigo cha Joshua alikuwa na pa kurudi: Oktoba 2024 alimmaliza Renan Ferreira raundi ya kwanza.

Shabiki wa soka atakumbuka kilichokuwa kikiendelea hapa kwetu wakati Ngannou anaondoka UFC. Desemba 2022 Feisal Salum 'Fei Toto' alitangaza kuachana na Yanga huku mkataba wake ukiwa hai. Kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Sakata likavuta hadi Juni 2023, ndipo akatua Azam.

Hatufufui kesi ile, na hatusemi nani alionewa. Tunachosema ni kwamba wote wawili walitaka kuondoka, ila mmoja alitembea na tarehe ya mkataba wake na mwingine akagongana nayo. Mchezaji mmoja akikaa nje miezi yote hiyo, anaumia yeye, klabu yake na Taifa Stars.

Bado tunawaona vijana wakisaini leo mbele ya kamera, jezi mkononi, halafu mambo yakiharibika ndipo wanaanza kuuliza kifungu cha kuvunja mkataba kinasemaje. Hapo wanakuwa wameshachelewa.

Klabu zimpe mchezaji nakala na siku kadhaa za kuisoma kabla ya kusaini. Chama cha wachezaji, Sputanza, kiwe na mwanasheria ambaye hata kijana wa timu ndogo anaweza kumpigia simu. Na mchezaji mwenyewe asione aibu kusema ngoja kwanza. Ngannou aliyasema hayo akiwa na mkanda wa dunia na goti bovu. Wewe mwenye miaka 20 na miguu mizima, unaharakia nini?