Usiuze koili kabla hujauliza gari inatetemekaje



Mimi nauza spea za Toyota ndogo kwa simu. Sina duka. Nachukua mzigo Kariakoo na Ilala, napiga picha, naposti, bodaboda anapeleka. Leo nasema kitu ambacho wauza spea wenzangu wengine hawatakipenda: mteja akikuandikia "nataka koili nne", na wewe ukamtumia bei na lipa namba basi, hujamhudumia. Umemlia hela yake tu.

Nasema hivi kwa sababu nilishafanya.

Kaka mmoja, dereva wa teksi mtandao, ana IST ya mkataba. Akaniandikia usiku: gari ikiwa sailensa inatetemeka, fundi kasema ni koili. Nikampa bei, koili nne 220,000. Asubuhi akalipa, mzigo ukaenda, nikafurahi. Kesho yake akarudi inboksi: gari inatetemeka vile vile. Nikampa lile jibu tunalolijua wote: vitu vya umeme vikishafungwa havirudi.

Baada ya siku tatu fundi mwingine akakuta mpira wa vakyumu umepasuka. Mpira wa 5,000. Kaka akanitumia picha yake na chini akaandika: "Dada, hukuniuliza hata inatetemeka vipi." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Ile hela ilikuwa hesabu ya bosi wake ya wiki.

Nikamwambia azirudishe, nikaziuza kama zilizotumika, nikala hasara ya 60,000. Na bado hajarudi kununua kwangu.

Tangu hapo nimekaa na mafundi wangu wanifundishe. Nilichojifunza ni kwamba gari kutetemeka kwenye sailensa ni dalili, siyo ugonjwa. Ni kama homa, si kila homa ni malaria. Kwa hiyo sasa kabla ya bei nauliza maswali manne:

1. Taa ya injini imewaka? Kama imewaka, gari ipimwe kwa mashine kwanza. Mashine ikitoa P0301 mpaka P0304, ile namba ya mwisho inataja silinda inayomisi, yaani haichomi vizuri. Hapo fundi ahamishe koili ya silinda hiyo aipeleke ya jirani, afute kosa, awashe tena. Kosa likihama na koili, koili ndiyo mbovu, na mteja anunue MOJA. Lisipohama, aangalie plagi, kisha nozeli.

2. Ukikanyaga mafuta inatulia? Kama inatetemeka sailensa tu, ukikanyaga inatulia, na kuna mlio wa "ssss" kwenye injini, shuku hewa inaingia kwa njia ya panya: mpira umepasuka au gasketi imechoka. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo linavuruga mchanganyiko. Ukikanyaga, hewa inakuwa nyingi na lile tundu halina nguvu tena. Mashine ikitoa P0171, mara nyingi ukaguzi unaanzia hapa.

3. Inataka kuzima ukisimama kwenye foleni au ukiwasha AC? Throto inaweza kuwa imejaa uchafu. Hiyo inasafishwa kwanza, hainunuliwi. Na ikishasafishwa sailensa inaweza kusumbua kidogo mpaka kompyuta ya gari ijifunze upya. Mwambie mapema asije akapaniki.

4. Mshale wa RPM unacheza au umetulia? Kama umetulia kwenye 700 hivi lakini kiti na usukani vinatetemeka, injini inaweza kuwa nzima kabisa, shida ikawa mauntini zimekufa. Hapo hata ukiuza koili kumi hazisaidii.

Najua mtaniambia nini. "Sisi siyo mafundi." Kweli, na mimi simwambii mteja gari yake inaumwa nini kwa simu. Namwambia cha kumuuliza fundi wake kabla hajatoa hela, basi. Atakayeshika spana ni fundi.

"Wateja hawapendi maswali." Hii nayo ni kweli. Wapo wanaoniambia "dada wewe nipe bei tu", na wengine wanahamia kwa jirani. Mwezi wa kwanza nilipoteza mauzo mpaka nikataka kuacha. Mtu kaja na hela ya koili nne, anaondoka na moja, au anaondoka kwenda kusafisha throto na wewe hujapata kitu. Inauma, sitaki kuwadanganya.

"Mteja kataka mwenyewe." Hili ndilo silikubali. Mteja hakutaka koili. Alitaka gari itulie kesho aingie barabarani. Koili ni neno alilopewa na mtu mwingine, na mimi nililichukua vile vile kwa sababu lilikuwa linanilipa.

Faida yake inakuja polepole. Marejesho yamepungua. Mafundi wawili sasa wananiletea wateja kwa sababu naongea lugha yao. Na yule niliyemwambia "usinunue bado, kasafishe kwanza" ndiye anayeniandikia akihitaji breki pedi, bila hata kuuliza bei ya kwingine.

Hata kama huuzi spea, hili linakuhusu. Chaja, mafuta ya nywele, dawa ya mende, vyote mteja anakuja na jina la bidhaa wakati shida yake hajakwambia. Muulize shida kwanza, lipa namba itafuata.

Wewe kwenye biashara yako, ni swali gani moja ukimuuliza mteja kabla hajalipa utamwokolea hela yake? Liandike hapa tujifunze.