Mtafiti Asiyejitaja Hajaondoka

Wapo wasimamizi wa tasnifu ambao wakikuta neno "mimi" hulikata kwa kalamu nyekundu. Andika "mtafiti aligundua", huagiza, kwa sababu sayansi haina mwenyewe. Imani hiyo imezoeleka hadi imekuwa adabu ya usomi: anayejitaja ana upendeleo, anayejificha ni mkweli. Ni imani potofu, na hasara yake huwa kubwa zaidi mwanamke anapokwenda kuchunguza taasisi iliyoshikwa na wanaume.

Mwaka 1984, msomi wa Marekani Carol Cohn aliingia miongoni mwa wataalamu wa mikakati ya silaha za nyuklia, karibu wote wanaume. Makala aliyoitoa mwaka 1987 haikuishia kwenye waliyoyasema; ilieleza pia yaliyompata yeye. Alipouliza kwa maneno ya kawaida, walimwona hajui kitu. Alipojifunza istilahi na vifupisho vyao, wakaanza kumsikiliza, naye akaanza kuona raha kuvitumia. Ndipo aliposhtuka: kadiri alivyoimudu lugha ile, ndivyo alivyozidi kushindwa kuwafikiria watu watakaouawa. Lugha yenyewe ilijali usalama wa makombora, si wa binadamu.

Sasa shika ile kalamu nyekundu, umfute Cohn. Itabaki orodha ya istilahi. Jinsi taasisi inavyoibadili akili ya anayeingia humo isingejulikana, maana kipimo kilichoinasa kilikuwa yeye mwenyewe.

Nitaambiwa kwamba kwa njia hii utafiti utageuka tawasifu. Hofu hiyo ina msingi. Wapo wanaotaja jinsia, kabila na shahada zao katika aya moja ya utangulizi, wasizirejee tena, kama mgeni apigaye hodi kisha akaenda zake. Huko si kujitafakari. Kujitafakari ni kuuliza: kwa nini mimi nimeambiwa hili, na mwenzangu wa kiume akaambiwa lile? Kwa nini mkutanoni nimeombwa nigawe chai? Nani alinyamaza nilipoingia? Majibu ya maswali hayo ni data, na mahali pake ni sura ya matokeo.

Mwanamume anayechunguza jeshi au benki naye ana jinsia, ila hatakiwi kuitaja. Ukimya wake tunauita kutopendelea. Msimamizi anayetaka ukweli na amwulize kila mtafiti, mwanamke kwa mwanamume: ulisimama wapi, na ukiwa hapo, nini hukuweza kukiona?