Mlinzi asiye na mpira hana haki ya kufunga njia

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTAZAMAJI wa Temeke au Kinondoni aliyezoea mpira wa pete anajua kuwa anayemkinga mwenye mpira sharti awe umbali wa sentimita 120 au zaidi. Akisogea karibu zaidi, filimbi hulia. Anapohamia softiboli, mazoea hayo humpotosha, kwa kuwa huko sheria ya kuzuia njia haina kipimo cha umbali.

Besiboli, ndugu wa softiboli, ilianza kufundishwa katika Shule ya Sekondari Azania mwaka 2012, na mwaka 2018 shule hiyo ikapata uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japan. Uwanja pekee, hata hivyo, hautoshi bila waamuzi wanaoaminika.

Sheria yenyewe ni fupi. Mlinzi asiye na mpira, na ambaye hauchezi mpira uliopigwa, haruhusiwi kumkwamisha mkimbiaji. Si lazima wagusane. Mkimbiaji akipunguza mwendo au akilazimika kumzunguka, kosa limetimia. Aidha, nia haiulizwi.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Mlinzi hujitetea kuwa mpira ulikuwa njiani kumfikia. Utetezi huo haumsaidii, kwani mpira ulio hewani bado si wake.

Jambo la pili ni subira. Mwamuzi hunyoosha mkono wa kushoto akiwa amekunja ngumi, kisha huacha mchezo uendelee. Mkimbiaji akitolewa kabla ya kufika besi ambayo, kwa maoni ya mwamuzi, angeifikia bila kuzuiwa, hupewa besi hiyo. Akiipita kwa tamaa yake na kutolewa mbele, ametoka.

Uzito wa sheria hii ulionekana Marekani Oktoba 26, 2013, katika fainali za besiboli. Will Middlebrooks wa Boston Red Sox alikuwa ameanguka akiufuata mpira, na Allen Craig wa St. Louis Cardinals akajikwaa juu yake. Mwamuzi Jim Joyce aliamua njia imezuiwa, Craig akapewa besi ya nyumbani, na Cardinals wakashinda 5-4. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kuwa Middlebrooks alikusudia.

Mwamuzi wa viwanja vyetu ajiulize maswali mawili tu: mpira ulikuwa wapi, na mkimbiaji angefika wapi? Mwanafunzi anayetolewa kwa haki hurudi mazoezini kesho yake. Anayeonewa huenda asirudi tena.