Utu Uzima katika Riwaya ya Kiswahili: Hoja kwa Watunzi Wahakiki

Fasihi ya Kiswahili imebahatika kuwa na watunzi ambao pia ni wahakiki. Euphrase Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed, kwa mfano, wameandika riwaya na kufundisha fasihi vyuoni. Hata hivyo, inapojadiliwa riwaya mpya kuhusu mtu mzima wa leo, mwenye ajira ya mashaka, ndoa na wazazi wa kutunza, swali linalotangulia aghalabu ni lile la zamani: je, mhusika huyu ni kielelezo chema? Swali hilo halitoshi. Riwaya ya namna hii haina budi kupimwa kwanza kwa muda inaompa mhusika wa kuishi na matokeo ya matendo yake.

Swali la kielelezo lina mizizi. Katika Utubora Mkulima (1968), Shaaban Robert anamchora mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kushika jembe. Utubora ni mtu mzima tangu mwanzo. Hadithi inauthibitisha tu wema wake. Kezilahabi aliivunja desturi hiyo. Rosa katika Rosa Mistika (1971) hujiua. Kazimoto katika Kichwamaji (1974), msomi aliyekwisha kuoa, naye hujiua. Tumaini katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaukaribia zaidi utu uzima: baada ya ujana wa anasa anatulia na kujenga mali, lakini siasa ya Ujamaa inapoigusa mali hiyo anaua kiongozi wa serikali, na mwisho wake ni kitanzi.

Wapo waliomlaumu mtunzi huyu kwa kukata tamaa. Lawama hiyo si ya haki kabisa, kwani vifo hivyo vinaishtaki jamii iliyowapa vijana elimu bila kuwaandalia mahali pa kusimama. Lakini kifo, hata kikiwa na hoja, humwondolea mhusika mzigo wa kesho. Rosa haulizwi ataishije na jina lililoharibika. Kazimoto haulizwi atamtazamaje mkewe asubuhi inayofuata.

Said Ahmed Mohamed alithubutu kuuliza. Maimuna wa Utengano (1980) anazama katika ulevi na ukahaba, lakini hadithi haimwui. Inamrudisha miongoni mwa watu na kumtaka aanze upya. Huenda msomaji akaiona njia ya kurejea kwake kuwa nyepesi mno. Hata hivyo, kosa la kurahisisha kurejea ni dogo kuliko kosa la kutokukufikiria.

Lugha yenyewe inatoa kipimo. Neno “mzima” hubeba maana tatu: aliye hai, asiye mgonjwa wala pungufu, na aliyekwisha kupevuka. Kwa hiyo utu uzima si umri wala cheo tu. Ni utu uliosalia baada ya kupigwa na maisha. Riwaya inayomaliza habari harusini au kaburini imeishia pale ambapo utu huo ungeanza kujaribiwa.

Watunzi wanaohakiki kazi za wenzao wanajua ugumu wa kuandika siku zisizo na tukio kubwa: deni linalolipwa kidogo kidogo, mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, ugomvi unaosuluhishwa nusu. Wakiendelea kusifu mwisho wa kishindo tu, chipukizi watajifunza kwamba maisha ya kawaida hayafai kuandikwa, na wasomaji walio wengi hawatajiona katika riwaya ya lugha yao.