Dokezo Si Jambo Dogo

Wako watu wasemao kwamba mchezo mmoja wa televisheni ukiutaja mwingine, hilo ni jambo dogo, kicheko cha kupitisha jioni, wala halistahili wino wa mwalimu. Mwenzangu mmoja alinitupia neno hilo katika chumba cha walimu, nami sikuwahi kumjibu kwa kuwa kengele ililia. Jibu langu ndilo hili.

Nitachukua mfano wa mchezo utajwao mno ndani ya michezo mingine, yaani Doctor Who wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC. Ulianza tarehe 23 Novemba 1963, ukakatizwa mwaka 1989, ukafufuliwa mwaka 2005. Shujaa wake ni msafiri aitwaye Daktari, ambaye akikaribia kufa hugeuka umbo akawa kama mtu mwingine. Ndiyo hila iliyowawezesha watunzi kubadili waigizaji na mchezo ukaendelea. Chombo chake hupita katika wakati na anga, na kwa nje huonekana kama kibanda cha simu cha polisi, cha rangi ya buluu, ingawa ndani ni kipana kuliko nje. Mwaka 1963 vibanda hivyo vilikuwa kitu cha kawaida katika njia za London. Baadaye polisi walipata redio za kubeba, vibanda vikaondolewa, umbo lake likabaki katika mchezo. Polisi wa London walipopinga BBC kulisajili umbo hilo kuwa alama yake ya biashara, walishindwa mwaka 2002. Kitu kilikwisha njiani, na haki yake ikaenda kwa yule aliyekiazima! Je, hilo ni jambo dogo?

Sisemi kwamba madokezo yote yana uzito mmoja. Katika sehemu moja ya Star Trek: The Next Generation, iliyoonyeshwa mwaka 1988, majina ya waigizaji sita wa Daktari yalifichwa katika orodha ya ukoo iliyotokea kwenye kioo cha mashine. Asiyeyajua hakupotewa na kitu. The Simpsons nao, mwaka 1995, walimketisha Daktari wa skafu ndefu miongoni mwa watu wa televisheni, akapita. Haya ni salamu za mafundi kwa mafundi, nami sina ugomvi nayo.

Liko dokezo lililo bora zaidi. Mwaka 2011 mchezo wa vichekesho wa Marekani uitwao Community ulimwonyesha kijana Abed akihangaika kwa sababu mchezo aupendao umeahirishwa. Akapewa mwingine wa Kiingereza, Inspector Spacetime, mwigo ulio wazi wa Doctor Who, wenye maadui waitwao Blorgons mahali pa viumbe Dalek. Mtazamaji asiyewahi kumsikia Daktari aliuelewa vema. Aliona kijana mpweke akipata pa kukimbilia, na rafiki yake Troy akiingia humo pamoja naye. Mwazimaji alichukua cha watu akakijengea nyumba.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 1975, katika vichekesho vyake viitwavyo Q6, Spike Milligan alionyesha Dalek aliyefanywa kuwa Mpakistani. Dalek huyo anarudi nyumbani, anawaua jamaa zake, anaamuru mbwa atiwe katika mchuzi. Watazamaji walichekeshwa kwa lafudhi ya wahamiaji na chakula chao. Hapakuwa na kingine.

Lakini Dalek ni nani? Ni viumbe waliobuniwa na Terry Nation, aliyekuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakaonekana mara ya kwanza Desemba 1963. Aliwafanya mfano wa Wanazi: huchukia kila kisichofanana nao, na neno lao ni kuangamiza. Basi tazama upotovu huu. Sura ya chuki kwa wageni ilichukuliwa ikavishwa mgeni mwenyewe, na mwenye kuchukiwa akafanywa ndiye mchukiaji. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini hii ilivaliwa ili kumvua mwingine.

Watetezi hunena kwamba zama zile zilikuwa hivyo. Sikubali. Mwaka ule ule, shirika lile lile lilionyesha hadithi ya asili ya Dalek, ambamo watu waliowaumba walivikwa sare nyeusi na kupiga saluti kwa namna ya Wanazi. Aliyetaka kujua alikuwa na mahali pa kujua. Wala sisemi kwamba Milligan, aliyezaliwa India, alikuwa mtu mwovu. Nasema kwamba hakuuliza kile alichokiazima kilikuwa na maana gani.

Wengine watasema haya ni mambo ya Waingereza, yatuhusu nini. BBC yenyewe ilifuta kanda zake nyingi, na zaidi ya sehemu 90 za miaka ya 1960 hazijulikani zilipo. Lakini mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizopotea zimepatikana katika mji wa Jos, Nijeria. Kumbe na Afrika ilitazama, tena ikatunza. Na tabia yenyewe tunayo. Mwaka mmoja wanafunzi wangu walitunga igizo, wakaazima zimwi la hadithi za bibi zetu, mla watu, wakalitia lafudhi ya kabila la mlinzi wa lango la shule. Ukumbi ulivunjika kwa vicheko. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na tochi yake. Alicheka kidogo pamoja nao, kisha akaondoka kabla igizo halijafika katikati, na siku zilizofuata wanafunzi walimwita Zimwi.

Mwenzangu wa chumba cha walimu alikuwa ameketi karibu nami usiku ule. Na amwendee mlinzi yule, amwambie yeye kwamba ni jambo dogo.