Mtia Saini Aelezwe Utetezi Wake

Kila anayetia saini hundi au hati ya ahadi ya kulipa nchini Tanzania anastahili kuelezwa kwa Kiswahili, kabla ya kushika kalamu, ni utetezi upi utakaosikilizwa mahakamani na upi utakaomtupa.

Sheria inayotawala hati hizi, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, hutenganisha aina mbili za utetezi: kughushiwa kwa saini kwa kawaida husimama dhidi ya mdai yeyote, ilhali udanganyifu katika mauzo, au bidhaa kutofikishwa, haufui dafu mbele ya mshikaji mwema, yaani mtu aliyeipokea hati kwa kutoa malipo, kabla haijapitwa na muda, bila kujua kasoro yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika hundi tupu zinazotiwa saini ziwe dhamana ya mkopo, maana mkopeshaji akijaza kiasi kinachozidi makubaliano kisha akaihamisha hundi kwa mshikaji mwema, mtia saini hudaiwa kiasi chote, na huo ni mzigo usiostahili kumwangukia mtu ambaye hakuwahi kuonywa.

Aidha, katika mashauri ya muhtasari, yaani yale ya utaratibu wa haraka wa kudai malipo ya hati hizi, mdaiwa hana budi kuomba kwanza kibali cha kujitetea.

Wenye mamlaka ya kusimamia sheria na fedha waagize onyo la Kiswahili chepesi liambatane na kila kitabu cha hundi, na wapige marufuku dhamana ya hundi tupu bila kuchelewa.